Urejeleaji wa Vyanzo katika Kamusi Elezo ya Pamoja: Suala la Dai na Ushahidi

1.0 Utangulizi

Wikipedia ilianzishwa mwaka 2001, na toleo lake la Kiswahili mwaka 2003. Ni kamusi elezo ambayo msomaji aweza pia kuihariri. Makala haya yanaeleza namna marejeo ya kitaaluma yanavyowekwa na kupangwa humo. Hoja yetu ya msingi ni kwamba, katika matini isiyo na mwandishi mmoja, marejeo hayana budi kufungamana na dai mahususi, wala si na ukurasa mzima.

2.0 Dai na Tanbihi

Orodha ya marejeo mwishoni mwa kitabu hutegemea dhamana ya mwandishi anayejulikana. Katika matini ya pamoja dhamana hiyo haipo; hivyo tanbihi huwekwa mara tu baada ya dai inalolithibitisha, na programu huipa namba na kuipeleka chini ya ukurasa.

Tuchukue mfano. Mhariri wa kwanza anaandika kuwa mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliteua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, kisha anaweka tanbihi. Mhariri wa pili anachomeka, kabla ya tanbihi hiyo, maneno "na wasemaji wa Kimvita waliridhia". Chanzo ni kilekile, lakini sasa kinashuhudia jambo ambalo hakikulisema, ilhali uteuzi huo ulipingwa na baadhi ya wenyeji wa Mombasa. Dawa yake ni kuweka nyongeza baada ya tanbihi iliyopo, na kuipa chanzo chake yenyewe.

3.0 Mpangilio wa Vyanzo

Chanzo kinachotumika mara nyingi hupewa jina fupi. Taarifa zake kamili huandikwa mara moja, kisha jina hilo huitwa kila linapohitajika. Kosa likirekebishwa mahali pamoja, hurekebishika kote. Hata hivyo, utaratibu huu huficha kurasa: madai kumi yanaweza kuelekezwa kwenye kitabu kimoja bila msomaji kujua afungue wapi. Kwa vitabu, basi, inafaa tanbihi itaje mwandishi, mwaka na ukurasa, na taarifa kamili zibaki katika orodha ya marejeo.

Aidha, toleo lililosomwa litajwe. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka 1981, ikafuatiwa na matoleo ya mwaka 2004 na 2013. Kidahizo cha toleo moja si lazima kiwe na fasili ileile katika jingine. Hali kadhalika, taasisi iliyoiandaa itajwe kwa jina la wakati ule: toleo la 1981 ni la TUKI, jina la TATAKI lilianza mwaka 2009.

4.0 Hitimisho

Dai lisilo na chanzo halikai mahali pamoja. Mwanafunzi hulinakili katika tasnifu. Baadaye mhariri huitaja tasnifu hiyo kuwa ushahidi wa dai lilelile. Duara hukamilika, na kosa huvaa joho la utafiti. Kwa kuwa maandishi ya kitaaluma kwa Kiswahili bado ni machache, duara la namna hii huwa vigumu kulivunja. Kanuni ya kwanza, kwa hiyo, ni ya kitaaluma kabla ya kuwa ya kiufundi: asirejelee mtu ukurasa ambao hakuufungua mwenyewe.