Volteji, Mkondo na Ukinzani: Hesabu ya Umeme katika Nchi ya Chai

Kifaa chochote cha umeme, kiwe birika la kuchemshia maji katika nyumba ya Litein, nchini Kenya, au feni ya kunyaushia majani katika kiwanda cha chai cha Bomet, huanza kueleweka kwa vipimo viwili, yaani volteji na mkondo, kwa kuwa vipimo hivyo vikiwekwa pamoja hutoa habari ambazo hakuna kimoja kinachoweza kuzitoa peke yake. Volteji ni msukumo unaozipitisha chaji za umeme ndani ya waya, nayo hupimwa kwa volti. Mkondo ni wingi wa chaji zinazopita mahali fulani kila sekunde, nao hupimwa kwa ampea. Kutokana na viwili hivi hupatikana ukinzani, ambao ni kadiri kifaa kinavyouzuia mkondo na hupimwa kwa omu, pamoja na nguvu, ambayo ni kasi ya nishati kugeuka kuwa joto, mwanga au mwendo na hupimwa kwa wati.

Uhusiano wa volteji, mkondo na ukinzani ulielezwa na mwanafizikia Mjerumani Georg Simon Ohm katika kitabu alichokichapisha mwaka 1827: katika kitu kisichobadilika joto, mkondo huongezeka sawia na volteji, na kwa hiyo ukinzani ni volteji ikigawanywa kwa mkondo (R = V ÷ I). Nguvu, kwa upande wake, ni volteji ikizidishwa kwa mkondo (P = V × I). Sababu ya kuzidisha huonekana katika mito Kipsonoi na Yurith, ambayo hukusanya maji ya nyanda za Bomet na Kericho na kuungana kuwa mto Sondu unaoendesha mitambo ya Sondu-Miriu yenye uwezo wa megawati 60: maji mengi yasiyo na mteremko hayazungushi mtambo, wala mteremko usio na maji, bali nguvu hutokana na kimo cha maporomoko kikizidishwa kwa wingi wa maji yanayopita.

Umeme wa majumbani nchini Kenya hukadiriwa kuwa volti 240. Iwapo fundi atapima birika la umeme na kupata volti 240 na ampea 8.33, ukinzani wake ni 240 ÷ 8.33, yaani omu 28.8 hivi, na nguvu yake ni 240 × 8.33, yaani takriban wati 2,000. Katika nyumba iliyo mwisho wa laini ndefu kutoka kwenye transfoma, hasa jioni ambapo majirani wote wamewasha vifaa vyao, volteji yaweza kushuka hadi 210. Ukinzani wa birika haubadiliki sana, kwa hiyo mkondo hushuka hadi ampea 7.29, nayo nguvu hushuka hadi wati 1,531. Volteji imepungua kwa asilimia 12.5, lakini nguvu imepungua kwa asilimia 23 hivi, kwa kuwa kushuka kwa volteji hushusha mkondo pia, na nguvu huathiriwa na upungufu wote wawili.

Mjini Kericho, ulioko mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi za Selsiasi. Kuchemsha lita moja ya maji yaliyo kwenye nyuzi 20 huhitaji jouli 306,600, kazi ambayo birika la wati 2,000 huimaliza kwa sekunde 153, ilhali lile lililoshuka hadi wati 1,531 huhitaji sekunde 200, bila kuhesabu joto linalopotea hewani. Nishati inayohitajika ni ileile, kwa hiyo umeme hafifu hupoteza muda zaidi ya unavyopoteza tokeni za umeme.

Waya wenyewe pia una ukinzani. Mwenye nyumba anayepeleka umeme kwenye banda la ng'ombe lililo umbali wa mita 60 hutumia mita 120 za shaba, kwenda na kurudi. Waya wa milimita mraba 1.5 wenye urefu huo una ukinzani wa omu 1.38 hivi, na birika lilelile likitumiwa huko, volti 11 hivi huishia njiani na wati 87 hugeuka kuwa joto ndani ya waya. Waya wa milimita mraba 2.5 hupunguza hasara hiyo hadi wati 54. Joto hilo hukua kwa mraba wa mkondo (P = I × I × R), hivi kwamba mkondo ukiongezeka maradufu, joto huongezeka mara nne; ndiyo maana waya mwembamba uliobebeshwa vifaa vingi huweza kuunguza nyumba, na ndiyo maana umeme wa masafa marefu husafirishwa kwa volteji kubwa na mkondo mdogo.

Hesabu hizi hufaa moja kwa moja kwa vifaa vya kutoa joto. Mota za viwanda vya chai hutumia umeme wa fezi tatu wa volti 415, na ndani yake volteji na mkondo haviendi kwa hatua moja, hivyo zao la volteji na mkondo huzidishwa tena kwa 1.732, kwa ajili ya fezi hizo tatu, na kwa kipengele cha nguvu, kwa ajili ya tofauti hiyo ya hatua: mota inayovuta ampea 20, yenye kipengele cha 0.85, hutumia kilowati 12.2 hivi. Kugawanya volteji kwa mkondo wa mota hakutoi ukinzani wa nyaya zake, kwa sababu usumaku wa mota nao huuzuia mkondo.

Kupima na kuunganisha nyaya ni kazi ya fundi mwenye leseni ya mamlaka ya kawi, EPRA, lakini kugawanya na kuzidisha ni kazi ya yeyote aliyesoma shule ya msingi. Mkulima anayejua mkondo wa mashine yake na umbali wa banda lake anaweza kumwambia fundi unene wa waya anaoutaka na sababu yake, kabla fedha za bonasi ya chai hazijanunua waya usiofaa.