Matobolwa ni Bata, Kausha na Chipsi Zako

Oya mwana, sikia. Basi limesimama Ipole, pale njia panda: huku Mpanda, huku Rungwa mpaka Mbeya. Unashuka, unakimbilia nini? Chipsi mayai. Mafuta meusi tii, tomato imechakachuliwa, buku tatu imelala. Na umempita mama mwenye beseni la matobolwa kama hamjuani. Aibu hiyo, mshikaji. Aibu kubwa.

Matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikamenywa, vikakatwa vipande, vikalala juani mpaka vikawa vigumu kama kokoto. Havitaki friji. Havitaki LUKU. Unavitia mfuko wa jinzi, unasepa zako. Kipande kinakaa shavuni, kinalegea taratibu, utamu unakuja kwa awamu. Changanya na karanga za kukaanga, umeua. Michembe ni mdogo wake: yenyewe inaanikwa mbichi, ukiwa na njaa ndiyo unaitupia sufuriani. Inakaa miezi na haiozi. Washua wa mjini wanaita hiyo kula bila kuharibu mazingira, wanalipia semina hotelini. Bibi yako anafanya juu ya jamvi, bure.

Sasa wazee wa kijiweni. Hao wana wimbo mmoja tu: vijana mmeua mila. Wanauimba soda mkononi! Ukigusa asali ndiyo wanapanda mori kabisa: asali ya kweli ni ya mzinga wa gome. Mzee, na gome umelitoa wapi? Umeuvua mti wa mtundu nguo zote, umekauka umesimama. Mzinga mmoja, maiti mmoja. Hesabu za wapi hizo? Mti ukipasuliwa mbao unatoa mizinga kibao, na Tabora mjini kuna chuo kizima cha ufugaji nyuki kinachofundisha mambo haya. Ila mzee kasema gome, basi gome. Tumwache.

Eti mila haibadiliki. Nani kasema? Wageni walianza kupita zamani: mpelelezi Mzungu Burton alitua Kaze, hapahapa Tabora, mwaka 1857. Wazungu wenzake, Stanley na Livingstone, walipiga kambi Kwihara, hukuhuku, mwaka 1872. Misafara ya biashara ya hapa Unyanyembe ilikula jasho la wakulima wa huku, na Waarabu wa pwani nao wakaja na mpunga na miembe. Leo kuna mtu anaiuliza embe ya Tabora pasipoti? Kwa hiyo sisi tukiyapaka matobolwa chokoleti, tukayafunga kwenye pakiti kali na kuyaposti, mzee atulie. Babu zake walifanya fujo kubwa zaidi.

Kitu kinachoniuma ni huu ushamba wa Dar. Mwana wa huku Sikonge kabisa anaingia supamaketi, anavunja msimbazi kwa kachupa ka asali ya nje kenye picha ya dubu. Dubu! Kwao asali ya miombo, nzito, nyeusi, inanuka moshi kwa mbali, inauzwa barabarani kwenye chupa ya maji. Na kuna ile ya nyuki wadogo, wasiouma. Nyepesi, ina uchachu fulani, inapatikana kwa tabu. Bei yake imechangamka. Hapo toa hela, usilielie, hiyo ni levo nyingine.

Ila yote haya yanategemea msitu, mwana, na hapo sitanii. Magogo yanaishia kwenye mabani kukausha tumbaku. Nyuki bila maua ya miombo hana dili. Ndiyo maana hifadhi ya jamii ya Ipole naikubali kinoma: vijiji vimetenga ardhi yao wenyewe, msitu unasimama, nyuki na wanyama wanapumua. Kijana wa Ipole akiwa na mizinga yake porini ana sababu ya kumfukuza mwenye shoka. Mwenye chipsi tu, anamfukuza kwa lipi?

Halafu kuna uyoga. Masika ikikolea, ule wa njano unachomoza chini ya miti, kwa sababu uyoga na mizizi ya miombo vinalishana huko ardhini. Kata mti, umeua na mboga. Ukiuunga kwa karanga, na ugali wa mtama pembeni, nyama inakaa benchi. Nenda kauokote, piga picha, tupia status, watu wadate. Lakini usiokote kwa macho ya Instagram, mwana, kuna wa sumu humo. Nenda na bibi. Hapo tu ndipo mimi nafunga mdomo na kufuata nyuma.