Milima ya Buluu na Wenyewe

Msomaji, umepata kusikia habari za Milima ya Buluu huko Australia? Wazungu watatu, Blaxland, Lawson na Wentworth, walisifiwa kuvumbua njia ya kuivuka mwaka 1813. Kuvumbua! Wagundungurra na Wadarug walikuwa wakiipita tangu zama za mababu.

Wafungwa 30 walichonga barabara kwa miezi 6 tu, nyuma yake wakafuata kondoo na ng'ombe. Basi fikiri: nyika ile ilikuwa mawindo ya Wawiradjuri. Njaa ikawaingia, wakapigana. Agosti 1824 Gavana Brisbane alitangaza sheria ya vita. Hata wanawake na watoto waliuawa. Desemba, mkuu wao Windradyne aliwaongoza watu wake kwa miguu hadi Parramatta, kofia yake imeandikwa «Amani». Nchi yao hawakurudishiwa.