Taya inalia «tak»: mama, usikimbilie kungoa meno

Asubuhi moja, pembeni ya mto ambako wamama wanaosha mawe karibu na Kolwezi, tulimukuta mama mumoja anakula muhogo. Alikuwa anatafuna upande mumoja tu, mukono kwenye shavu. Tukamuuliza: «Mama, ni jino?» Akacheka kidogo, kisha akatujibu: «Na miye nilizania ni jino. Bakangoa moja. Mwezi wa kufuata, bakangoa ya mbili. Lakini ile kuluma ikabakia paka pale pale. Sasa meno ya kutafunia nyama sina, na maumivu niko nayo.»

Maneno kama hayo tunayasikia mara nyingi katika nyumba za wachimbaji. Ndiyo sababu leo tunapenda kuongea juu ya ugonjwa wa kiungo cha taya. Haupigiwi kelele sana, lakini unawala wamama usingizi, franka na meno mazima.

Wewe unayesoma, weka vidole mbele ya masikio yako, kisha fungua na funga kinywa. Kile kitu unachosikia kinatembea, njo kiungo chenyewe. Kiko kimoja kila upande, kinaunga taya ya chini na mfupa wa kichwa. Katikati yake kuko kipande laini kama kigodoro, ili mifupa isikwaruzane. Kinafanya kazi kila mara unapokula, unapoongea na unapopiga miayo. Kigodoro kile kikihama mahali pake, ao misuli ya taya ikichoka, mutu anasikia maumivu mbele ya sikio, kichwa kinamuluma pembeni, taya inalia «tak», na kinywa hakifunguke vizuri. Wengi wanafikiri ni sikio ao jino. Lakini mulio peke yake, bila maumivu wala kufungika, si ugonjwa wa kuogopa.

Wanaume nao wanaupata. Lakini kati ya watu wenye ugonjwa huu, wanawake ni karibu mara mbili ya wanaume, na zaidi wale wa miaka 20 mpaka 40. Ni miaka ile ile mwanamuke anaenda mwezini na anazaa. Wanganga wakajiuliza: je, homoni za kike hazina mukono ndani?

Huko Marekani, katika chuo kikuu cha Washington, mujini Seattle, watafiti walifuata wanawake wenye maumivu hayo siku kwa siku. Mwaka wa 2003 walitangaza kama maumivu yalipanda siku za mwisho mbele ya kwenda mwezini na siku za damu zenyewe, wakati homoni iitwayo estrojeni inashuka. Yalipanda tena kidogo katikati ya mwezi. Kwa wale waliotumia vidonge vya kupanga uzazi, yalipanda katika juma la kupumzisha vidonge. Mwaka wa 2005 walionyesha tena kama kwa wanawake wenye mimba maumivu yalipungua karibu na kuzaa, kisha yakarudi.

Hiyo haina maana kama homoni peke yake inaleta ugonjwa. Kukaza meno usiku, mawazo mingi, kukosa usingizi, pigo kwenye taya, vyote vinaongeza. Mama anayebeba mufuko wa mawe anakaza meno bila kujua. Na yule anayengojea bwana yake atoke katika shimo, hata amelala, taya yake hailale. Homoni inakuja tu kuongeza kuni kwenye moto uliokuwa tayari unawaka.

Basi tufanye nini? Kwanza, andika. Kwa miezi miwili ao mitatu, weka alama kwenye kalenda siku taya inakuluma na siku uko mwezini. Karatasi ile itamusaidia munganga kuliko maneno mia. Usiache vidonge vya uzazi wewe mwenyewe. Ongea naye kwanza.

Pili, pumzisha taya. Siku za maumivu, kula bukari laini, sombe, samaki iliyopikwa vizuri. Acha kwanza mua, muhindi wa kuchoma, karanga ngumu na shingomu. Weka kitambaa cha maji ya moto kidogo kwenye shavu, dakika 15 ao 20. Ukipiga miayo, saidia kidevu na mukono. Na mchana kutwa ukumbuke: midomo ifungwe, lakini meno ya juu na ya chini yasigusane.

Kwa dawa, uliza mutu wa afya. Mama mwenye mimba asimeze ibuprofeni bila ruhusa ya munganga, zaidi kisha mwezi wa tano. Wagonjwa wengi wanapata nafuu kwa njia hizi rahisi. Upasuaji ni kwa wachache sana.

Tatu, mbele ya kungoa jino, uliza: «Munganga, hili jino limeoza kweli? Tafadhali gusa na kiungo cha taya.» Kuuliza si kukosa heshima. Jino lililongolewa halirudi.

Kuko alama zisizongoja. Taya ikikaza na mutu alikuwa na kidonda, hata kidogo cha chepeo ao jiwe, anaweza kuwa na tetanosi: hopitali siku ile ile. Shavu likivimba na homa, ao kinywa kikibakia wazi bila kufunga, vilevile. Na maumivu ya taya yakikuja pamoja na kifua kubana na jasho, inaweza kuwa ni moyo. Musingoje kesho.

Kwa ninyi wababa, neno moja. Bibi akikuambia taya inamuluma kila mwezi, usiseme ni uvivu ao ni maneno ya wanawake. Beba ule mufuko, nunua samaki, mupeleke kwa munganga. Yule mama wa pale mtoni alituambia wakati tunaagana: «Kama mutu angaliniambia mbele, ningalikuwa na meno yangu.» Tumewaambia. Muambie na jirani.