Maktaba ya Kidijitali: Wanafunzi wa Kibera na Kawangware Waianzie Wapi?

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaziweka maktaba miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Hapa Nairobi, maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka wa 1931, iko katikati mwa jiji, na matawi yake ya Kaloleni na Makadara yako Eastlands. Kibera ina tawi la Huduma ya Maktaba za Kitaifa (KNLS), ambako watoto wameshawahi kusoma kwa vishikwambi. Lakini mwanafunzi wa Gatina au Kabiro, huko Kawangware, hulazimika kutafuta nauli kwanza. Ndiyo sababu wanafunzi wa pande hizi mbili za Ngong Road wana haja ya kubuni pamoja maktaba ya kidijitali.

Wengi wakisikia jina hilo hufikiria tovuti. Tovuti inahitaji bando, na bando likiisha maktaba imefungwa. Ipo njia nyingine: kompyuta ndogo inayotoshea kiganjani huhifadhi vitabu, video na mazoezi, kisha hutoa Wi-Fi yake yenyewe. Aliye karibu huunganisha simu na kusoma bila intaneti wala gharama ya data. Programu za Kolibri na Kiwix hufanya kazi hiyo na hazilipishwi. Wikipedia yote ya Kiswahili huingia katika kadi ya kumbukumbu ya simu.

Kifaa ndicho sehemu rahisi. Kazi kubwa ni kujua wasomaji. Je, simu ya nyumbani ni ya nani, na mtoto huipata saa ngapi? Stima ikipotea, kifaa kitawashwa na nini? Njia nzuri ya kupanga vitabu ni kuandika majina yao kwenye vipande vya karatasi na kuwaomba wanafunzi wayaweke katika mafungu wanavyoona wenyewe. Mara nyingi mafungu hayo hayafanani na ya wakutubi. Mmoja ataweka “mtihani” pamoja, mwingine “hadithi za kumsomea mdogo wangu”. Hayo ndiyo maneno yanayofaa kuonekana kwenye skrini.

Kibera ina mfano wake. Mwaka wa 2009, vijana wa mtaa huo walishiriki katika mradi wa Map Kibera, wakatembea vichochoroni na vifaa vya GPS na kuchora ramani ya mahali ambapo ramani za kawaida ziliacha wazi. Waliweza kwa kuwa walijua penye choo, kliniki na shule. Maktaba pia inahitaji ujuzi wa namna hiyo.

Vikundi viwili vikishirikiana, kuna kishawishi cha kugawana kazi: hawa programu, wale vitabu. Ni afadhali kila kikundi kijenge sampuli yake, hata ya kuchora kwenye daftari, kisha kipelekee kikundi kingine iijaribu. Aliyeibuni hukaa kimya na kutazama mgeni anapokwama. Inauma kidogo, lakini saa moja ya kutazama hivyo hufunza kuliko mikutano mitano.

Sheria mbili zisisahaulike. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 humlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hivyo kupiga picha vitabu vya kiada na kuvisambaza bila idhini hakuruhusiwi, hata kama nia ni njema. Tumieni vitabu vyenye leseni huria, kama hadithi za African Storybook, zilizomo pia kwa Kiswahili. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hutaka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia data ya mtoto. Njia nyepesi ni kutomdai msomaji jina wala namba ya simu.

Kisha kuna swali linaloua miradi mingi: wabunifu wakimaliza shule, nani atabaki na kifaa? Kabla ya kununua chochote, tafuteni shule, ukumbi wa kijamii au maktaba itakayokubali kwa maandishi kukitunza, na andikeni kwenye karatasi moja jinsi ya kukiwasha, kuongeza vitabu na kubadilisha neno la siri. Karatasi hiyo ibandikwe ukutani, na watu wawili wa mtaani, wasio wanafunzi, wafundishwe kuifuata.