Kabla Utusi Net, Soma Hiyo Meseji

Kila mbogi ya gemu iko na msee mmoja wa "net imenianika." Wengine washaingia seva kitambo, wanajenga, wanachapana, na yeye bado anazima ruta akiwasha. Anazima data, anawasha. Ananunua bando ingine. Anatusi kampuni. Na hiyo time yote kwa skrini kuna meseji fupi ishamshow shida iko wapi, ni vile tu hajaisoma.

Wacha twende na Minecraft, ju hiyo ndio gemu yenye mtu yeyote anaweza fungua seva yake kwa keja. Rada ni karibu ile ile kwa gemu zingine.

Meseji tatu, shida tatu

"Unknown host" inamaanisha compu yako haijajua hata seva iko wapi. Jina ya seva lazima igeuzwe ikuwe namba, na hiyo ni kazi ya DNS. Mara mingi ni wewe ulikopi adresi WhatsApp ikakam na kaneno kengine, ama uliruka herufi. Kama jina iko fiti na bado inagoma, ingia setingi za netwaki, weka DNS ya 1.1.1.1 ama 8.8.8.8, alafu ujaribu tena.

"Connection refused" ni stori ingine kabisa. Chukulia IP ni ploti, na poti ni namba ya mlango. Umefika ploti, ukagonga mlango 25565, ndio Minecraft ya Java hutumia, na ukaambiwa hapa hakuna mtu. Net yako haina makosa. Seva haijawashwa, ama mwenyewe alibadilisha poti akasahau kuwashow. Usichome doh ya bando. Pigia mwenye seva.

"Connection timed out" sasa ni askari wa geti amekunyamazia. Hakusema ingia, hakusema toka. Hapo mshukiwa wa kwanza ni fayawoli. Windows ikiona Java inataka kupokea watu wa nje, humuuliza mwenye seva kama airuhusu. Wasee wako na haraka, wanabonyeza "Cancel" bila kusoma, na kuanzia hapo kila mgeni anafungiwa kimya kimya. Dawa ni mwenye seva kuingia Windows Firewall na kuiruhusu Java.

Toleo, na wasee wa simu

"Outdated client" ni toleo yako iko nyuma ya seva. "Outdated server" ni seva ndio iko nyuma. Chagua toleo moja kama mbogi, muishie hapo.

Lakini fitina kubwa hutokea kati ya wa simu na wa compu. Simu ni Bedrock, na Bedrock haiingii seva ya Java hivi hivi. Hata mlango ni tofauti: Bedrock hugonga 19132 kwa UDP, Java hugonga 25565 kwa TCP. Mwenye seva akidunga Geyser, wote wanaingia pamoja. Bila hiyo mtabishana mpaka kukuche.

Umefungua seva, hakuna mtu anaingia

Ukitupa kwa grupu adresi inaanza na 192.168, hiyo inashika kwa waifai yako pekee. Wasee wa nje wanataka IP ya nje, na wewe lazima uingie ruta ufungue poti ielekee compu yako.

Na kabla ujisumbue, cheki IP yenye ruta imepewa na kampuni. Ikiwa iko kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya CGNAT: wewe na wateja wengine mnashare IP moja ya nje. Hizo namba zilitengwa 2012, ju IPv4 zilikuwa zinaisha. Hapo fungua poti mpaka uchoke, hakuna mtu atafika. Laini za simu ndio hukuanga hivi sana.

Omba kampuni ikupee IP ya nje yako peke yako. Ikishindikana, tumia playit.gg, inawapitisha wageni kwa seva zake mpaka kwako. Ama peleka dunia yenu Aternos. Hapo unapata seva ya mtandaoni ya bure, lakini ikikosa watu hujizima, so lazima mtu aiwashe kwanza ndio muingie.

Umeingia, lakini unalag

Fungua cmd uandike: ping -n 50 192.168.1.1, ama adresi yoyote ya ruta yako. Ukiona 2ms, 3ms, 2ms, alafu ghafla 180ms, alafu "Request timed out", shida iko ndani ya keja yako. Kwa maghorofa za mtaa kama Pipeline, Nairobi, ruta zimejaana kila floo, zinapigania 2.4GHz, na huko chaneli zenye hazigongani ni 1, 6 na 11 pekee. Kama uko karibu na ruta, hamia 5GHz. Bora zaidi, dunga kebo.

Ruta ikiwa imetulia, ping 1.1.1.1. Ikiruka hapo, sasa unaweza pigia kampuni ukiwa na ushahidi. Ikiwa poa, ping seva yenyewe.

Ping ya seva ikiwa juu na haichezi, hiyo ni umbali. Mwangaza ndani ya faiba hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Nairobi hadi Frankfurt ni kama kilomita 6,300, so kwenda na kurudi ni karibu 63ms hata kabla mtambo wowote uguse data yako. Na kebo haziendi mstari: zinashuka Mombasa, zinapanda Bahari ya Shamu, zinakatiza Misri. Johannesburg ni kama 2,900, so gemu ikikupea Afrika Kusini, jaribu hiyo kwanza. Pima tu, ju kuna time data hupelekwa Ulaya ndio irudishwe huku.

Na kuna siku shida ni bahari kweli. Tarehe 12 Mei 2024, kebo za EASSy na Seacom zilikatika, net ikalala Kenya, Tanzania na majirani. Siku kama hiyo, cheza na mtu mko kwa waifai moja.

Siku zingine, ukishindwa, usitupe "seva imekufa bro" kwa grupu. Tuma picha ya meseji, toleo yako, na ping tatu: ya ruta, ya 1.1.1.1 na ya seva. Mwenye seva akiona hizo, hana pa kujificha, na wewe pia huna.