Kompyuta Inayowaka kwa Kubahatisha

Katika shule nyingi imo kompyuta ya mezani ya zamani ambayo tabia yake haitabiriki. Leo huwaka mara tu swichi inapobonyezwa. Kesho feni huzunguka lakini kioo hubaki cheusi. Keshokutwa huwaka katika jaribio la nne. Kwa kuwa bado hufanya kazi siku nyingine, watu huizoea, na maksi za mitihani huendelea kuhifadhiwa ndani yake mpaka siku inapokataa kabisa. Makala haya yanaeleza sababu za hali hiyo, na jinsi mwalimu na wanafunzi wake wanavyoweza kuuchunguza ubovu huo kwa njia ya kisayansi.

Jambo la kwanza halihitaji ufundi wowote. Siku mashine itakapokubali kuwaka, usiizime kabla ya kunakili kazi zote muhimu katika chombo kingine. Hapana ajuaye kama itawaka tena.

Hatua za kuwaka

Kompyuta haiwaki kwa tendo moja, bali kwa hatua zinazofuatana. Umeme wa ukutani, ambao nchini Tanzania ni wa volti 230, huingia katika kisanduku cha umeme kilichomo ndani ya mashine. Kisanduku hicho huubadili mkondo geu kuwa mkondo mnyoofu wa volti 12, 5 na 3.3. Katika mashine zinazofuata kanuni ya ATX, iliyotolewa mwaka 1995, kisanduku husubiri kwa muda usiozidi nusu sekunde, kisha hupeleka ishara kwamba volti zimetulia. Kabla ya ishara hiyo prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, hairuhusiwi kuanza kazi. Baadaye programu ndogo iliyomo katika bodi mama hukagua kumbukumbu na vyombo vingine, na ikiona kosa, aghalabu hutoa milio. Mwisho hutafutwa diski kuu. Basi angalia mashine yako hukwama katika hatua ipi.

Kwa nini leo iwake, kesho isiwake?

Mara nyingi anayestahili kushukiwa ni kapasita. Hiki ni kijenzi chenye umbo la pipa dogo, kinachohifadhi chaji na kusawazisha volti, kama vile tangi la nyumbani linavyosawazisha maji ya bomba yajayo kwa vipindi. Ndani ya kapasita za aina hii mna elektroliti ya majimaji, ambayo hukauka kadiri miaka inavyopita, na joto huharakisha ukaukaji huo. Kwa makadirio ya mafundi, kila ongezeko la nyuzi 10 za Selsiasi hupunguza maisha ya kapasita kwa nusu.

Kapasita iliyochakaa huwa na ukinzani mkubwa ikiwa baridi. Ikipata joto, ukinzani hupungua. Ndiyo sababu mashine hukataa asubuhi, kisha hukubali baada ya majaribio kadhaa, kwani kila jaribio huipasha moto kidogo. Zaidi ya hayo, kapasita nyingi zilizotengenezwa kati ya miaka ya 1999 na 2007 zilikuwa na elektroliti mbovu iliyozalisha gesi, zikafura vichwa na hata kupasuka.

Mashine inayowaka vema asubuhi, kisha ikazimika na kukataa kuwaka ingali moto, ina ugonjwa mwingine: huenda vumbi limeziba njia za hewa au feni imechoka. Kwa hiyo swali la kwanza la mchunguzi ni hili: je, hukataa ikiwa baridi, au ikiwa moto?

Namna ya kuchunguza

Anza na vilivyo rahisi. Jaribu soketi nyingine ya ukutani na waya mwingine. Tazama tarehe ya kompyuta. Kama imerudi miaka ya nyuma, betri ndogo ya volti 3 iliyo juu ya bodi mama imekwisha, na baadhi ya mashine husumbua kuwaka kwa sababu hiyo.

Kisha chomoa plagi, bonyeza swichi kwa sekunde chache ili chaji iliyobaki itoke, na uguse bati la mashine ili mwili wako usibaki na umeme tuli. Fungua ubavu wa mashine, utafute kapasita zilizofura au kuvuja. Toa kibao cha kumbukumbu, safisha miguu yake ya shaba kwa kifutio laini cha penseli, upanguse mabaki, kisha ukirudishe mpaka kishike barabara. Ubovu ukiendelea, azima kisanduku cha umeme kizima cha aina hiyohiyo, ulinganishe matokeo.

Onyo: kisanduku chenyewe kisifunguliwe kamwe darasani. Kapasita zake huweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya plagi kuchomolewa, na volti hizo huweza kuua.

Itajulikanaje kuwa imepona?

Hapa ndipo wengi hukosea. Fundi hubadili vitu vitatu kwa pamoja, mashine ikawaka, akaondoka. Jumatatu ikakataa tena. Badili kitu kimoja tu kila mara, wala usiridhike na jaribio moja.

Tuchukue mashine ambayo huwaka mara 1 katika kila majaribio 2. Hata bila matengenezo yoyote, uwezekano wake wa kuwaka mara 3 mfululizo ni 1 kati ya 8, jambo ambalo si la ajabu. Lakini uwezekano wa kuwaka mara 10 mfululizo ni 1 kati ya 1,024. Ikiwaka mara 10 baada ya kubadilishiwa kitu kimoja, tuna haki ya kusema kitu hicho ndicho kilichokuwa kibovu. Sharti ni moja: majaribio yawe ya hali moja. Kama ubovu huja wakati wa baridi, basi majaribio 10 ni asubuhi 10.

Kwa hiyo, wanafunzi na waandae daftari lenye tarehe, saa, badiliko lililofanywa na matokeo. Daftari hilo huweza kuiokoa mashine iliyokuwa itupwe kwa sababu ya kijenzi kimoja cha bei ndogo.